Nyumba ya Chini

Jumamosi, 3 Mei 2025

Miguu imeisha! Kutwa nzima na Oscar, ejenti wa nyumba, kijana wa maneno mengi ambaye unamlipa kabla hujaona hata mlango. Nilimwambia wazi: vyumba viwili, chini kabisa, hakuna ngazi. Akasema sawa dadangu, nimekupata. Halafu akanipandisha ghorofa ya tatu! Eti view ni poa. Baba atafanyia nini view?

Wacha niandike, labda kichwa kitatulia. Baba anastaafu kazi yake ya kiwandani, Magadi. Nyumba ya kampuni inarudishwa mwisho wa mwezi huu. Na macho yake — presha ya macho. Daktari wa Kajiado alisema dawa inapunguza mwendo tu, hairudishi kilichoenda. Sasa anaona kama mtu anayechungulia kwa bomba. Labda imebaki mwaka mmoja. Labda chini ya hapo.

Nataka aingie nyumba mpya akiwa bado anaona. Ajue choo kiko wapi, jiko liko wapi, swichi iko upande gani. Kwangu haiwezekani — bedsitter, chumba kimoja tu, juu kabisa, ngazi hazina hata chuma ya kushika.

Jumatano, 7 Mei

Nilidhani nimepata. Mtaa wa Milimani. Chini, vyumba viwili, tiles, geti nzuri. Mwenye nyumba, Mama Mwihaki, alinifungulia mwenyewe na akanipa chai. Rent iko juu, lakini nikiacha bedsitter, na bakery ninakofanya kazi wanipe zamu za Jumapili, ningeweza kujikaza.

Akauliza ni nani ataishi hapo. Nikamwambia mimi na babangu. Kwa nini lazima iwe chini? Nikasema ukweli.

Uso ukabadilika. Akasema pole, na kusema kweli alisema kwa sauti nzuri. Kisha: gesi je? Wewe ukiwa kazini je? Akichoma nyumba je? Nikamwambia Baba amejipikia tangu Mama afariki, hajawahi kuchoma hata sufuria. Akasema ataongea na mzee wake, atanipigia.

Chai yenyewe sikumaliza.

Ijumaa, 9 Mei

Hajapiga.

Jumapili, 11 Mei

Aliyepiga ni Baba. Anasema nisisumbuke, anaenda kijijini Mwala kwa ndugu yake. Mtoto hawezi kumlipia mzazi rent — hiyo hajawahi kusikia. Na mimi niko na maisha yangu.

Nikamuuliza, na daktari wa macho utampata wapi huko?

Akasema: “Mwaitu, huko kila mtu atanishika mkono.”

Ananiita mwaitu, mama, kwa sababu nilipewa jina la mamake, Nzula. Akiniita hivyo siwezi kubishana naye. Lakini ile “atanishika mkono” — alikuwa anaisifu ama anaiogopa? Sikujua. Nilikuwa bakery, zamu ya kwanza ya Jumapili, nakanda unga na machozi yanatoka tu. Wenzangu walidhani ni mafua.

Jumamosi, 17 Mei

Oscar amenishangaza. Alisema kuna mahali hapeleki watu kwa sababu hapana commission ya maana, lakini twende tu. Huko njia ya Korompoi, mbali na lami. Nyumba za mawe, mstari mmoja, ndani ya boma ya mama mmoja Mmaasai anaitwa Soipan. Mbuzi wanapita wanavyotaka. Maji ya kisima yana chumvi. Boda ya kila siku itanila.

Lakini mlango! Unatoka moja kwa moja uwanjani. Hakuna hata step.

Sikungoja kuulizwa. Nilisema yote pale getini — macho, gesi, zamu zangu — ili kama ni kukataa akatae mapema. Soipan akaniangalia. Akauliza kama mzee anasumbuliwa na kelele, maana mbuzi wake hawana adabu.

Hiyo tu!

Deposit nilikuwa na nusu. Nikasema. Akacheka. Wapangaji wake wa mwisho walikuwa vijana walionyooka kama rula, macho mazuri kabisa, wakahama usiku bila kulipa na wakang'oa balbu zote. “Mzee hawezi kunihama usiku,” akasema. Nilicheka mpaka Oscar akanishika bega. Nusu ingine nitalipa polepole.

Jumapili, 18 Mei

Nimempigia Baba. Sikumbembeleza. Nilisema njoo uone, ukikataa nitakupeleka Mwala mimi mwenyewe.

Akauliza, mlango unaangalia wapi?

Jua linapotoka, nikasema.

“Mmh.”

Hiyo mmh nimetembea nayo kutwa. Haikuwa ya kukataa. Ama?

Jumamosi, 31 Mei

Amekuja! Pick-up imejaa: kitanda, meza, redio, masufuria, kiti cha Mama. Amekonda. Alishuka akamsalimia Soipan kwa Kimaa, “Takwenya!” Akajibiwa “Iko!” na hao wakaanza stori za ukame kama watu waliosoma pamoja. Miaka yote ya Magadi, kumbe hakukaa bure.

Tulipomaliza kuingiza vitu, akasema tumwache aingie peke yake.

Nilichungulia kwa dirisha. Mkono ukutani, anaenda pole. Kila kona anasimama, anageuza kichwa huku na huku mpaka aikusanye yote. Alifungua bomba, akafunga. Akafungua tena. Akakaa kwa kiti cha Mama.

Akaniita. “Hii meza muisogeze hapa. Na ikishakaa, isitolewe.”

Moyo wangu! Hakusema anabaki. Amepanga meza tu. Tukagombana kidogo juu ya rent, tukaelewana: rent ni yangu, stima na maji atalipa yeye.

Jumamosi, 7 Juni

Naandika nikiwa hapa mlangoni.

Baba ametoka kwenda dukani kwa Wamalwa, huko mbele baada ya kona. Maziwa yaliisha. Nikavaa sandals. Akasimama.

“Unaenda wapi?”

Naenda na wewe, nikasema. Boda zinakimbia vibaya hapo.

“Kama utanifuata kila mahali, afadhali ningeenda Mwala.”

Hakukasirika. Alisema tu, akavaa kofia, akatoka. Sandals bado ziko kwa miguu yangu. Nimekaa. Ameshika kona, simwoni tena.

Boda imepita. Honi! Nimesimama — nimekaa tena.

Soipan yuko getini, yeye anaiona barabara yote. Namuuliza, unamwona? Ananiinulia mkono, ningoje. Anavuta shingo. Sasa anacheka. Anasema mzee amesimamisha mtu njiani wanaongea, ameweka mkono kiunoni kama mtu wa hapa, na maziwa hata hajanunua. Navua sandals.