Kinachomnyamazisha Jonathan

Buswelu, Mwanza
Jumapili mchana

Kwako dada Josepha,

Shikamoo dada. Kile kikohozi kimekuacha? Na hapo bwenini bado ni maharage tu? Sisi huku wazima. Mama anakusalimia sana, na mwanao Jonathan anakusalimia kwa mate, maana sasa yanamtiririka mpaka kifuani.

Barua yako Evelina, mwenzako wa bwenini, alinifikishia. Umesema umesikia mtoto halali, na kwamba ukifunga shule Desemba hutarudi tena shuleni, kwa sababu mtoto ameshakusahau na Baba naye hajakusemesha tangu ule ujauzito. Nimeisoma mara nyingi. Ngoja nikueleze, mimi ambaye najua kuongea kwenye karatasi tu.

Ni kweli analia. Ni meno. Mama Dorotea, jirani yetu, alimfunua mdomo, akaona uvimbe mweupe kwenye fizi, akatangaza kuwa ni meno ya plastiki, yale wanayosema huwaua watoto, apelekwe Kisesa kwa mtu wa kuyang'oa. Mama akamjibu kwamba plastiki ni ndoo zake, mdomo wa mjukuu wake hauguswi. Kliniki nesi alicheka, akasema ni meno kama ya watoto wote, tumpe kitambaa safi kilicholowekwa maji baridi atafune.

Kitambaa anatafuna kidogo, anatupa. Nikamwonyesha korongo wanaosimama juu ya jiwe la jirani zetu kina Masele. Akawakodolea macho, nao wakamkodolea, kisha akakumbuka meno yake. Nikamwimbia, mpaka Masele akauliza toka ng'ambo ya ua kama anayelia ni mtoto au ni mama yake mdogo.

Sasa sikia maajabu. Baba akirudi kutoka karakana ananawa mikono, anamchukua Jonathan bila neno, anazunguka naye nyuma ya nyumba. Kilio kinakatika kama redio iliyozimwa! Nilimuuliza Mama anampa nini, akasema niwaache wanaume na mambo yao. Lakini unanijua dada. Woga ninao, ila kuchungulia siwezi kuacha. Nikadhani ni asali. Nikamnusa mtoto mdomo, hakuna kitu. Nikakagua pale nyuma, nikaokota vipande vya karatasi vimelowa mate. Ndiyo kwanza nikachanganyikiwa.

Juzi nikajibanza nyuma ya tangi la maji. Baba kakaa juu ya jiwe, Jonathan mapajani, na mbele yao kile kitabu chako cha Baiolojia, ulichotutafutisha nyumba nzima tukakikosa. Baba anasoma kwa Kiingereza! Anafuatisha maneno kwa kidole, kinachechemea hicho Kiingereza, mengine anayatamka kama majina ya vijiji vya kwao Muleba. Jonathan anatafuna kona ya jalada, katulia, anasikiliza kama askofu.

Nikapiga chafya. Baba hakunigombeza. Nikajilazimisha kumuuliza kwa nini kitabu, kwa nini asimwimbie tu Kihaya kama wengine. Alimfuta Jonathan mate kwa kiganja, nikajua nimeharibu. Kisha akasema kwamba ile miezi uliyokaa nyumbani na tumbo, ulikuwa unasoma kitabu hiki kwa sauti kila jioni chumbani, na yeye alikuwa anakaa chini ya dirisha lako anakusikiliza, hajui aingie aseme nini. Akasema kama yeye wa nje aliizoea ile sauti, huyu aliyekuwa ndani ataisahau vipi.

Alinikataza nisikuambie. Nimekuambia.

Kwa hiyo usiache shule, dada. Anayekulilia hajakusahau, na asiyekusemesha anakusoma kila jioni. Jino la kwanza limetokeza leo asubuhi, la chini, na ni Baba aliyelihisi kwa kidole, akaita nyumba nzima. Tangu juzi namsaidia kutamka. Nasoma kwa sauti mbele yake, mimi ambaye darasani nikiulizwa kwa Kiingereza najificha nyuma ya daftari. Yapo maneno yametushinda wote wawili. Baba ameyawekea alama kwa unyoya wa kuku, amesema tuyaache, mwenye kitabu atatusomea akija Desemba.

Ila kona za jalada usizitafute, zimeshaliwa.

Wasalimie wenzako wa bwenini, na Evelina mwambie asante. Jikinge na baridi.

Ni mimi mdogo wako, na mama mdogo wa mtu mwenye jino,
Prudencia