Meseji ya Mama Mdogo

Mdogo wangu kipenzi,

Salamu zangu zikukute umekaa chini, ingawa nakujua: kampeni zimekwisha, lakini miguu yako bado inatafuta nyumba ya kubisha hodi. Koo limepona? Kunywa maji ya moto, uache ubishi. Sisi huku tu wazima. Shemeji yako ni yule yule, anakoroma redio ikiwa wazi, na ukiizima anaamka kuuliza nani kakata taarifa ya habari.

Nimesikia umeishtaki kampuni ya simu kwenye tume ya uchaguzi, kwamba meseji yako ya kuomba kura ilikwama mpaka watu wakapiga kura, huku ya mpinzani wako ikimiminika kwenye simu za wapiga kura kama mvua. Umefanya vizuri. Kushindwa udiwani si aibu, ila kuzibwa mdomo hakukubaliki.

Sasa nikupe habari za mwanao. Unajua mimi si mtu wa kujisifu. Shule niliishia njiani, lakini tumbo langu limefika chuo! Pale kampuni ya simu, meseji yoyote inayotumwa kwa watu wengi kwa mpigo, mwanao ndiye anayeisoma kwanza. Asiporuhusu haiendi, iwe ya muuza magodoro au ya mheshimiwa. Nilimtembelea, nikakuta ana kiti kinachozunguka. Nilikikalia, nikazunguka, wenzake wakacheka na mimi nikacheka zaidi yao.

Basi ananiambia kuwa meseji yako ile ya kuomba kura, iliyosema choo cha sokoni hakina mlango, ilifika kwake, na ya mpinzani wako ikafuata. Mkuu wake akamwambia yako isubiri kwa kuwa ni siasa. Mwanao akauliza, na hii nyingine inayoomba kura je? Mkuu akajibu kwamba hiyo ni tangazo la maendeleo. Maendeleo, mdogo wangu! Mtu anaomba kura mchana kweupe! Mwanao akamwambia kanuni ni moja, zote mbili ziende au zote mbili zikae. Mkuu akamsogeza pembeni, akairuhusu ile ya mpinzani kwa kidole chake mwenyewe.

Lakini kuna jambo, na nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwingine. Mkuu alipofika, meseji yako ilikuwa imeshasimamishwa. Aliyeisimamisha ni mwanao. Aliona jina lako, akaogopa kuambiwa anambeba mama yake mdogo, basi akaitia alama ya kuchunguzwa, jambo ambalo hajawahi kumfanyia mtu mwingine kwa maneno kama yale. Mlango aliufunga yeye, mkuu akaongeza kufuli. Alinieleza haya akisugua sufuria, hata kuniangalia hawezi. Nilimfokea kwanza, kumkumbatia kukaja baadaye.

Ameomba mwenyewe awe shahidi wako. Mkuu amemwambia akienda kusema, asihangaike kurudi kazini. Amejibu kwamba atakwenda. Huyo ndiye niliyemzaa mimi!

Najua ndugu watakuja kukubembeleza ufute mashtaka ili mtoto asipoteze kazi, wakwambie mambo ya ukoo yaishie nyumbani. Usifute. Choo cha sokoni hakina ukoo. Alhamisi mbele ya tume, akiulizwa nani aliizuia meseji kwanza, atajitaja yeye, kisha atamtaja mkuu. Usimtazame kwa huruma akababaika. Mwache amalize. Ukishamaliza na wewe kumkasirikia, msindikize mpaka nyumbani, maana mimi siwezi kuja: nitapiga makofi, watutoe nje.

Wasalimie wote waliokupigia kura. Wasiokupigia nao wasalimie, ila kidogo.

Ni mimi dada yako mkubwa,
Mama wa shahidi