Debe la Pombe Mahakamani

Alhamisi, tarehe 16 Oktoba, Kasulu. Asubuhi manyunyu na ukungu, baridi ya kuvaa sweta.

Tumeshindwa.

Jaji wa Mahakama Kuu amesoma hukumu. Bonde lililo kati ya kijiji chetu, upande wa Kibondo, na kijiji cha wenzetu wa Kasulu ni lao lote. Tuvune kilichopo, tusipande tena.

Na ushahidi uliotumaliza ni wangu.

Mimi ni katibu wa kamati ya kesi. Nilipoitwa kutoa ushahidi nilibeba shajara zangu mwenyewe, najivuna, nionyeshe tarehe za kila msimu tuliolima. Wakili wao akafungua ukurasa mmoja, akataka niusome kwa sauti: "Leo tumewapelekea wenzetu debe la pombe ya ndizi kabla ya kuanza kulima."

Kila Muha anajua maana yake. Huanzi kulima mpakani bila kumwonjesha jirani. Ni heshima, na wao walituletea vilevile. Ila madebe yao sikuyaandika, na nilipoyataja kwa mdomo hayakuhesabiwa. Nilizoea kuandika kazi tulizofanya sisi, basi. Mahakama imeona mpangaji anayempelekea mwenye ardhi haki yake.

Sikuandika uongo. Niliandika nusu.

Baba mdogo alinisihi niuchane ukurasa ule kabla ya kesi. Nilikataa, nikamhubiria kuhusu ukweli. Leo hakunigombeza. Kasema tu, "Haya, mwalimu wa ukweli, twende stendi."

Pale getini mzee mmoja wa upande wao akaniita, "Dada katibu! Msimu huu mtatuletea madebe mangapi?" Wenzake wakacheka hadi wakashikana mabega. Mzee huyo alipata kuja kwetu na debe kichwani, na mimi ndiye niliyempokea, nikamtua, nikampa kigoda. Nilimtazama machoni. Anakumbuka.

Ningekuwa na ukurasa ule mkononi leo, ningeuchana. Naona aibu kukiri, lakini ningeuchana.

Sikupanda gari na baba mdogo. Nimebaki kwa dada yangu hapa mjini, sina uso wa kurudi nao nyumbani leo.

Jioni mama kapiga simu kutoka kijijini. Hukumu ameshaisikia. Ameuliza jambo moja: mvua imeanza, maharage ayapande wapi?

Nimemwambia apande bondeni, palepale.

Hilo nalo nimeliandika, na tarehe yake.

Nalala. Saa mbili kasorobo usiku.