Kelele Ambazo Sikuzipiga

Granville, Jumamosi, mwisho wa Agosti 2021

Jua limetoka leo, lile jua la mwisho wa baridi linalodanganya watu. Ukifungua mlango wa roshani upepo unakung'ata masikio. Helikopta ya polisi imepita tena juu ya paa kuhakikisha sisi watu wa magharibi ya Sydney tumetulia majumbani kwa ajili ya korona. Mimi nimetulia. Nimetulia kiasi kwamba nikisema nimeshtakiwa kwa kelele, utacheka.

Nina hasira, shajara. Nimekuwa nayo tangu Alhamisi na haijaisha yote, ndiyo maana naandika.

Alhamisi nilikuwa ndiyo kwanza nimerudi kutoka zamu, kule kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, uso bado una alama za barakoa. Simu ikalia. Alikuwa Craig, wa ofisi ya wakala aliyenipangishia nyumba, na ile sauti yake ya upole ya mtu ambaye ameshaamua. Akasema majirani wamelalamika tena, sasa ni mara ya tatu, kuhusu "muziki wa Kiafrika" unaopigwa kwa sauti kubwa nyumbani kwangu. Wakilalamika mara nyingine, mwenye nyumba hataongeza mkataba wangu, na mkataba unaisha mwezi ujao.

Mara ya tatu! Hizo mbili za kwanza hata sikuambiwa. Na nikitolewa humu niende wapi, wakati huu ambao hata kutoka kununua mkate lazima uwe na sababu?

Sasa sikia. Kwangu hakuna muziki. Jengo letu lina ghorofa chache na Mwafrika mmoja tu, mimi. Juu yangu anakaa Josh, kijana wa Kizungu mwenye ndevu nyekundu, anayefanyia kazi nyumbani tangu tufungiwe. Josh ana spika kubwa na anapenda muziki wa Lagos. Wa Johannesburg pia anaupenda. Anaupenda asubuhi, anaupenda mchana, besi inatikisa vikombe vyangu kabatini. Yaani Mzungu anapiga, Mwafrika anashtakiwa. Hakuna hata jirani mmoja aliyejisumbua kupanda ngazi asikilize unatoka mlango gani. Wamesikia mdundo, wakakumbuka kuna mwanamke mweusi wanapishana naye pale chini, kesi ikaishia hapo.

Na kilichoniuma zaidi kilikuwa chini ya kitanda changu.

Tarumbeta.

Ilikuwa ya baba. Kwetu Machame, alfajiri ya Pasaka, kabla hakujapambazuka vizuri, wapiga tarumbeta wa kanisa wanakwenda makaburini. Wanasimama kwenye umande na kuwapigia marehemu nyimbo za ufufuo, sauti nne, taratibu, mpaka ng'ombe zizini wanaacha kutafuna. Nyimbo zililetwa na wamisionari wa Kijerumani, najua, msinifundishe. Lakini babu alizipiga, baba akazipiga, na mimi, msichana peke yangu katikati ya wavulana, nikazipiga mpaka midomo ikavimba. Nilipokuja huku baba aliifunga tarumbeta yake kwenye kanga ya mama akanipa.

Tangu nihamie jengo hili nilikuwa sijaipuliza hata siku moja. Niliogopa wasije wakasema yule mweusi wa chini ana kelele. Humu ndani natembea na soksi. Nikicheka kwenye simu naziba mdomo. Kila Jumapili baba ananiuliza kama bado napiga, maana midomo ya mpiga tarumbeta isipofanya kazi inalegea, nami namjibu kwamba midomo ipo, halafu namuuliza habari za kahawa yake. Hivi ndivyo nilivyoishi ili nisimkere mtu, na bado nimeshtakiwa kwa kelele!

Nimejibana bure.

Ngoja nikiri na hili, maana kama sitaliandika hapa sitaliandika popote. Nilipokuwa namjibu Craig Alhamisi, nilijisikia nikilainisha sauti. Nikamwambia mimi wala sisikilizi muziki wa namna hiyo, mimi nimelelewa kwenye tarumbeta za kanisani, nyimbo za zamani za Kijerumani, sauti nne. Craig akacheka kidogo, akasema, "Kumbe wewe si wa aina ile." Na mimi, Mungu anisamehe, nikafurahi. Nikasema asante! Yeye akamalizia kwamba onyo linabaki pale pale, kwa sababu majirani wamesikia walichosikia.

Nilipoweka simu chini ndipo maneno yake yakaanza kunirudia. Aina ipi? Ni nani hao wa aina ile? Furaha, rafiki yangu, anayeimba rumba huku anapiga deki? Mama yangu na vigelegele vyake? Nimeuchukua muziki wa baba, muziki wa makaburini kwetu, nikamtolea Craig kama cheti cha tabia njema. Na kama kweli ningekuwa napenda nyimbo za Lagos, basi ningestahili kutupwa nje? Nilikasirika mpaka chai ikapoa mezani. Nusu ya hasira ilikuwa yake, nusu yangu mwenyewe.

Nikampigia Furaha. Yeye ni Mkongo, anakaa Fairfield, tunafanya kazi pamoja. Kwanza alimtukana Craig kwa Kiswahili, Kifaransa na lugha ya kwao. Halafu akanigeukia mimi.

"Dada Manka, Bazungu banakuonea, ni kweli. Lakini weye nawe! Muziki ya Bazungu ndiyo unapendaka. Siku ya anniversaire yangu, siku nilizaliwaka, ulituwekea nyimbo ya matanga, watu bakauliza nani amekufa."

Nilicheka kwa sababu ni kweli, waliuliza. Lakini nilipoacha kucheka moyo uliniuma. Kwenye sherehe zetu, enzi za sherehe, nilikuwa nachezesha midomo kwenye nyimbo nisizozijua ili nisionekane mgeni. Kiuno changu hakina maajabu. Wamenitania miaka yote, Manka Mzungu, Manka wa Ujerumani, nami natabasamu. Craig ananiona mweusi kupita kiasi, wenzangu wananiona sijafika. Jamani, mizani mliipata wapi, na nani aliwaambia mnipime?

Basi nikamwambia Furaha yote. Makaburi, umande, baba na mashavu yake yaliyojaa upepo. Nikamwambia wale wote pale ni watu weusi, wanawalilia watu wao weusi, viatu vya Pasaka vimelowa, na bado mtu aniambie muziki ule si wetu? Nilikuwa nalia, sikujali. Furaha akasema, "Basi siku moja unipigie nisikie. Ya mdomo yako, dada, hapana ya kurekodiwa mu telefone."

Jana nikaandika ujumbe kwa Craig. Wa kwanza ulikuwa mrefu, umejaa kanisa na kwaya na heshima. Nikaufuta wote. Nikaandika kwamba muziki unatoka nyumba iliyo juu yangu, aje asimame kwenye ngazi ajisikilizie, na ninachopenda kusikiliza mimi hakimhusu. Nilibonyeza kutuma kabla woga haujanirudia.

Hakujibu. Leo asubuhi nikavaa barakoa nikapanda kwa Josh.

Alifungua akiwa na kikombe cha kahawa, muziki unanguruma nyuma yake. Nilipomweleza, masikio yakawa mekundu kuliko ndevu. Akaniambia, "Lakini si uliniambia unaupenda?"

Nikakumbuka. Mwezi wa sita, pale kwenye ngazi, aliniuliza kama namjua mwimbaji fulani wa Lagos. Simjui. Lakini niliona haya, Mwafrika mzima nisimjue na Mzungu anamjua, nikasema nampenda sana. Tangu siku hiyo Josh alikuwa anaongeza sauti kwa ajili yangu! Alidhani ananiliwaza, mwanamke mpweke wa mbali, aliyefungiwa. Sikujua nicheke au nimpige kikombe. Nilimwambia ukweli: simjui mwimbaji wake, na si lazima nimjue. Pale pale alizima spika, akampigia Craig mbele yangu na kumwambia muziki ulikuwa wake, mara zote tatu. Nilimsikia Craig akisema atanipigia.

Josh akaniuliza, sasa wewe unapenda nini?

Nikamwambia aache dirisha wazi.

Nimeshuka. Saa tano asubuhi, saa ambayo kanuni za jengo zinaruhusu mtu kupiga chombo chake. Nimepiga magoti nikaitoa tarumbeta chini ya kitanda, nikafungua kanga, nikapaka mafuta vitufe vilivyoganda. Nikampigia Furaha, nikaiweka simu kwenye kiti, nikamwambia hapa nimesimama mimi na mdomo wangu. Nikafungua mlango wa roshani wote, upepo na uingie.

Noti ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Ililia kama ndama. Ya pili ikapasuka katikati, na Furaha nikamsikia anasema "Yesu!" Midomo imelegea, baba alikuwa sahihi. Nikapumua, nikaanza upya, wimbo ule wa makaburini, sauti ya juu peke yake, bila zile tatu za kuishika. Ubeti wa kwanza ukapita unachechemea. Wa pili ukasimama. Nilikuwa napiga huku machozi yanaingia kwenye midomo.

Nikiwa namalizia ubeti wa pili, simu ikaanza kuonyesha mtu mwingine anapiga. Craig. Nikamuomba Furaha asubiri, nikapokea.

Alianza na samahani. Sasa amejua kelele zile hazikuwa zangu, makosa yametokea, mkataba usiwe na wasiwasi nao. Kisha akakohoa. Ila kuna jirani kampigia sasa hivi, anasema kuna mlio, kama wa tarumbeta, hajui unatoka wapi.

"Unatoka kwangu, Craig," nikamwambia. "Safari hii ni mimi. Na bado nina beti mbili."