Watu Kumi na Wawili wa Bwana Kidole

Kwako Dada Veronika, nyumbani Mushaki,

Nakusalimia sana, wewe na watoto, na Mama yetu. Muguu wake unaendelea namna gani? Na ile ng'ombe yenye doa usoni, ilizaa? Mimi huku Walikale niko muzima. Mvua tu haituachi. Nguo hazikauki, na ukisimama mulangoni macho yanagonga miti pande zote, hakuna pa kutazama mbali kama kwetu.

Dada, barua hii inaletwa na bwana yako Filipo mwenyewe. Usishituke, iko hai. Lakini uisome peke yako, wala usimusomee. Utaona sababu.

Unakumbuka siku ile ya Paska, yule Muzungu alipotusikia kanisani, mimi sauti ya juu, shemeji ile ya chini kabisa. Alisema kampuni ya madini inataka korali yake, wanaume kumi na wawili tu, kazi yao kuimba, hakuna jembe wala shimo. Tulicheka njia nzima. Nani analipwa kwa kuimba? Mimi nikaandika jina langu kwenye kontra ya miaka tatu, Filipo akaweka alama ya kidole.

Kweli hatulimi. Tunaimba asubuhi, tunaimba tena saa nane, na siku ya Posho, yaani Jumamosi, jioni tunajipanga ndani ya salo, sebule ya mukubwa wa kampuni, tumevaa nyeupe, Wazungu wanakunywa na kutusikiliza. Nyimbo zote ni za kwao. Ukiimba ya kwetu wakati wa kufua nguo, unakaripiwa, eti inaharibu koo. Yule Muzungu wa Paska tulimuita Bwana Kidole kwa sababu anatuongoza kwa kidole kimoja tu, na kikisimama hakuna anayevuta pumuzi. Sitakudanganya, Dada, anajua kazi yake. Siku moja tuliimba vizuri mpaka nikamuona anafuta macho. Na mimi siku ile nilisahau kabisa kama kwenye mulango wa kampi kuna polisi, na kama hakuna anayetoka bila karatasi yenye sahihi yake. Hiyo njo sababu hasira yangu kwake haiivi.

Kikohozi cha Filipo kilianza na mvua kubwa. Enfirmie, muuguzi wa kampi, alimusikiliza kifua, akaniita pembeni. "Huyu arudi kwenye milima," alisema, "kama sivyo, hatamaliza mwaka."

Nikaenda kwa Bwana Kidole.

"Misye, Filipo iko mugonjwa."

"Najua. Anakohoa katikati ya wimbo."

"Enfirmie anasema arudi kwao."

"Kontra yake imebakiza mwaka mumoja. Na mukubwa wa provinsi anakuja kutusikiliza. Nitatoa wapi sauti ingine kama ile?"

Nilimuambia shemeji jibu lile. Asubuhi ya tatu kitanda chake kilikuwa kitupu. Alitoka kwa muguu kutafuta njia ya Masisi inayorudi kwetu, na kikohozi chake njo kilimuuza: polisi walimusikia ndani ya majani kabla ya kumuona. Walimufunga siku nne kwenye nyumba yenye maji chini. Alipotoka, alitema damu mbele yangu, akaifunika upesi kwa udongo na muguu, kama mutu aliyevunja sahani ya wenyewe.

Nilirudi kwa Bwana Kidole bila kubisha hodi. Alikuwa anaandika noti za wimbo. Hakukasirika.

"Filipo anaweza kwenda," alisema. "Lakini nikikosa ninyi wawili, korali imekwisha, na mimi pia. Wewe njo unasoma noti. Wewe njo utamufundisha mwingine. Weka sahihi ya miaka tatu tena juu ya ule mumoja, na mimi naweka sahihi kwa ruhusa yake leo leo."

"Misye, mimi niko na muchumba nyumbani."

Alitazama dirishani, pale mvua ilikuwa inapiga majani ya ndizi. "Mimi pia nilikuwa na muchumba," alisema. "Kabla ya vita." Halafu akanisogezea kalamu.

Niliandika jina langu, Dada. Niliandika upesi, kama siku ile ya kwanza. Hiyo njo iliniogopesha.

Filipo anafikiri Muzungu alimuhurumia. Jana alienda kumushukuru kwa mikono miwili, akapiga magoti. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale. Bwana Kidole aliniangalia, nikaangalia chini. Unajua kiburi cha bwana yako: akijua, atashuka kwenye kamyo inayomuleta kwenu na kurudi afie huku. Basi akikuuliza kwa nini sikuja naye, sema ninapenda kazi. Hutakuwa umesema uongo wote.

Umupe maziwa ya moto, asilale karibu na moshi, na usimuache aende kuchunga ng'ombe wakati wa baridi.

Kwa Imakulata anayeningojea, nenda wewe mwenyewe. Usitume mutu. Mwambie baba yake wazi kama ni miaka nne, si mumoja. Akitokea kijana mwingine mwenye ng'ombe na moyo muzuri, wasimukatalie kwa ajili yangu. Mimi nimefungwa, sitaki yeye afungwe na mimi. Mwambie nimesema hivyo bila kulia.

Nisalimie Mama, umushike mikono yote miwili kwa niaba yangu. Salamu kwa Baba mudogo anayepeleka maziwa soko ya Sake, kwa Katekista aliyenifundisha kusoma, na kwa watoto wako mumoja mumoja.

Kamyo imeshawaka. Filipo iko juu ya mizigo, amejifunika blanketi yangu, anacheka kama zamani. Ananiita: "Atanazi! Unamwandikia dada yako nini kirefu hivyo?"

Nimemujibu: "Salamu tu, shemeji."

Mimi mudogo wako,
Atanazi