Kiraka cha Nne

Kaka Janvier,

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu sanduku lako la barua pepe limejaa. Nilijaribu mara mbili, nimesimama juu ya jiwe, na mara mbili barua ikarudi na maneno ya Kifaransa kwamba mwenye sanduku hili hana nafasi tena ya kupokea. Nilicheka kidogo, Mungu anisamehe. Wewe uliyekuwa unafuta kila barua isiyo na kazi, ukanigombeza kwa picha za harusi nilizojaza kwenye simu, leo sanduku lako ndilo limejaa.

Tangu tukulilie, maharagwe yamevunwa na mengine yamepandwa. Mama yako amelima lile shamba la juu peke yake. Vijana wa rika letu bado wanakwenda machimboni Rubaya kubeba mizigo, na wakirudi wananiuliza kama bado nakaa mbele ya televizyo ya Janvier, ndivyo wanavyoiita kompyuta ya kituo. Papa Anselme, muuguzi wetu mkuu, ameongeza mvi. Paneli ya jua uliyoifunga juu ya paa la kituo cha afya kwa waya wa baiskeli, ukasema ni kwa wiki moja tu, bado imefungwa kwa waya wa baiskeli. Hayo ndiyo mazuri, sina mengine.

Kule Itebero kituo chako kimefungwa. Watu walikimbia vita mwezi uliofuata kifo chako, wengine wakaingia msituni, wengine wakashika barabara. Mwanamke mmoja aliyefika hapa kwa miguu alituambia mlango wenu umeng'olewa na meza yako imekuwa kuni. Nilimuuliza kaburi lako likoje. Akasema majani yamekuwa marefu.

Nimekuja kukuambia habari ya kiraka cha nne. Nimezunguka mpaka hapa kwa sababu naogopa.

Wewe unajua yote haya, lakini niache niyapange, maana nisipoyapanga nitaruka mahali pangu. Ulipohamia Itebero, programu yako ya daftari la wagonjwa wa kifua kikuu ilibaki hapa kwenye kompyuta ya kituo, na nyingine kama hiyo ukaenda nayo. Mtandao wetu usingeweza kubeba programu nzima hata tungengoja mwaka. Basi kila ulipobadilisha kitu, ulinitumia ile mistari iliyobadilika tu, ndani ya barua pepe: huu utoke, huu uingie. Hivyo ndivyo viraka vyako. Mimi nilipanda na simu hadi lile jiwe ambalo nusu ya Nyabiondo husimama juu yake kutafuta mtandao, nikahifadhi barua, nikashuka, nikazihamishia kwenye kompyuta, kisha nikaandika amri fupi uliyonifundisha, git am, na kompyuta ikashona kila kiraka mahali pake.

Sharti lako lilikuwa moja. Ulilisema mpaka nikawa nalimalizia mimi kwa sauti yako: "Riziki, usikopi maneno. Enregistre barua yote, toka kichwa mpaka mukia. Kwa kichwa njo kuko jina ya mwenye alishona." Kuhifadhi barua nzima kwa ajili ya jina tu! Nilikuona mtu wa kujisumbua. Ulikuwa unahesabu hata mistari ya maharagwe shambani kwenu, ukaipa namba, na mama yako akawaambia majirani kwamba amezaa karani badala ya mkulima. Uliandika namba kwenye vifuniko vya sufuria zake. Sufuria namba tatu bado anaipikia.

Zile barua za mwisho zilikuwa saba, kila moja na kiraka chake. Uliniambia zimekuchukua msimu mzima wa mvua. Kazi yao nilikuwa naijua: mtu akianza dawa hapa, akakimbia vita, akafika kwako na jina jingine, kompyuta imtambue kwa jina la mama yake na kilima alichozaliwa, asianzishiwe dawa upya kama vile hajawahi kumeza hata kidonge. Kiraka cha nne ndicho kilichokuwa kinatambua. Cha tano, cha sita na cha saba vilisimama juu yake.

Siku ile nilipanda mapema. Betri ya simu ilikuwa karibu kufa na mawingu yalikuwa yameshashuka kwenye mgongo wa kilima. Barua tatu za kwanza nilizihifadhi nzima, kama ulivyotaka. Ya nne ilikuwa ndefu, ikakataa kushuka yote. Ikaonyesha maneno, ikasimama. Kando yangu mwanamke mmoja alikuwa anamwita mume wake aliyeko Rubaya, kwa sauti kubwa, kana kwamba simu ni ya mapambo. Nilichoka. Nikabonyeza maneno, nikayakopi, nikayabandika kwenye faili tupu. Kisha, kwa sababu simu ilikuwa imejaa zile picha zangu za harusi, nikafuta barua yako ili kupata nafasi ya tano, sita na saba.

Nilikopi, kaka. Kitu kile kile ulichonikataza.

Chini kituoni vitatu vya kwanza vikaingia bila neno. Cha nne kompyuta ikakikataa, ikasema kimeharibika kwenye mstari wa arobaini na moja. Sikuufungua kuutazama huo mstari. Laiti ningeutazama. Nilichofanya ni kupanda tena hadi kwenye jiwe, mvua imeshaanza, na kukutumia ujumbe mfupi kwa simu, kwa kuwa ujumbe mfupi ulikuwa unakufikia hata nyuma ya kituo chenu, wakati barua pepe ilikutaka uvuke mto mpaka kwenye kile kilima kilichokatwa miti. Nilijua hivyo. Ulishaniambia kuhusu lile gogo la kuvukia, ukanichekesha kwa habari ya katekista wenu anayelivuka kwa makalio.

Niliandika hivi: "Kaka, namba ine haiingie. Tuma tena leo."

Leo. Hakuna mgonjwa aliyekuwa anangoja leo. Papa Anselme hakuniharakisha. Nilitaka tu kumaliza kabla ya Jumapili ili niende kwenye mazoezi ya kwaya nikiwa na roho nyepesi.

Ukajibu: "Sawa. Navuka."

Walikukuta siku ya pili, chini sana kwenye mto, mahali maji yanapopinda. Begi lenye kompyuta halikuonekana, wala simu. Wakakuzika kule kule, kwa sababu njia haikuwa njia ya kubebea maiti, na hapa Nyabiondo tukaweka kilio bila mwili, tumekaa kwenye majani ya migomba uani kwa mama yako, tukiangalia picha yako ya kadi ya shule iliyowekwa juu ya kiti.

Siku ya kuondoa matanga, unajua desturi. Mjomba wako alisimama akasema kwamba kabla jivu halijazolewa, mwenye neno na marehemu alitoe, au likae kwake milele. Watu wakatoa. Mmoja akasema mligombana juu ya mpaka wa shamba, akakusamehe. Mwingine akasema ulimtengenezea redio ikazidi kuharibika, watu wakacheka kidogo, hata mama yako. Kisha mama yako akauliza, bila kumtazama mtu: "Mimi neno yangu ni moja tu. Mutoto wangu alienda kufanya nini ku muto na mvua yote ile?"

Mjomba akasema labda ulikuwa unakwenda kutafuta chumvi. Shangazi yako akasema Mungu akimwita mtu humtafutia safari. Na mimi, niliyekaa hatua tatu kutoka kwake, na simu mfukoni ikiwa na ujumbe wako wa mwisho, nikatazama miguu yangu. Wakazoa jivu.

Tangu siku hiyo mama yako anasema ulikufa kwa ajili ya chumvi. Anawaambia watu, na wao wanaitikia kwa huruma. Chumvi anayopewa haipokei tena, anakula maharagwe yake hivyo hivyo. Nimemwona. Nimekula naye, kaka, maharagwe yasiyo na chumvi, na sikusema.

Sasa sikiliza lililonifanya nishike kalamu. Wiki mbili zilizopita Papa Anselme aliniomba nisafishe kompyuta, maana inazima ovyo. Nikalikuta lile faili la nne. Nilikuwa nimeteleka maharagwe kwenye jiko la kituo, nikakaa nikalifungua ili nilifute. Nikaona mstari wa arobaini na moja. Simu ilikuwa imeukata katikati, nusu ikaangukia chini. Na mwingine chini yake, na mwingine tena. Mitatu tu. Na nafasi za mwanzo wa mistari zilikuwa zimemezwa, kama kawaida ya simu. Nikaunga ile mitatu. Nikarudisha nafasi, moja moja, kwa kutazama programu ya zamani ilivyo. Nikaandika amri, si git am, maana lilikuwa halina kichwa, bali ile nyingine ya kubandika kienyeji.

Kiraka kikaingia. Cha tano kikafuata, cha sita, cha saba. Nilipoinuka kutazama sufuria, maharagwe yalikuwa bado magumu.

Ndiyo hiyo habari. Haikuwa lazima uvuke. Ilikuwa kazi ya muda mfupi kuliko kuivisha sufuria moja ya maharagwe, na ilikuwa kazi yangu, na nilikuwa nayo mkononi tangu asubuhi ile ukiwa mzima. Husemwa majuto ni mjukuu. Wangu ameshazaliwa na ameanza kutembea, ananifuata mpaka mtoni kuteka maji.

Programu yako inafanya kazi. Nilitaka kukuambia hivyo kama zawadi, lakini si zawadi. Nimeiwasha na kumtafuta yule mama aliyeanza dawa hapa akakimbilia kwenu, yule uliyenisimulia. Kompyuta ikatafuta upande wetu, ikatafuta upande wa Itebero, na upande wa Itebero hauna kitu, kwa sababu daftari lenu lilikuwa kwenye begi lako. Ikajibu kwamba hakuna. Nikamtafuta mwingine. Hakuna. Papa Anselme akasimama nyuma yangu akaangalia, akasema, "Aliifanya muzuri, lakini nani atakuja?" akarudi kwenye sindano zake. Sitakudanganya kwamba itasaidia siku moja. Sioni siku hiyo inakotokea.

Kitu kimoja zaidi. Nilipotazama orodha ya mabadiliko, viraka sita vilikuwa na jina lako, na cha nne kilikuwa na jina langu. Nilikibandika bila kichwa, na kompyuta, isiyojua lolote, ikadhani mimi ndiye niliyekishona. Kile kilichokupeleka mtoni kilikuwa kimeandikwa Riziki. Hapo ndipo nilipolia, mbele ya wagonjwa, na wakadhani nimepata habari mbaya.

Nilivitoa vyote vinne vya mwisho. Kwa kile cha nne nikaandika kichwa cha barua kwa mkono wangu, kama kile ulichokiandika wewe: kimetoka kwa Janvier, na tarehe ya siku ulipokituma mara ya kwanza, si ile uliyovuka kukituma tena. Nikaviingiza upya kwa git am, kama sharti lako. Sasa kila kimoja kina mistari miwili. Wa juu unasema aliyeandika, na hapo uko wewe. Wa chini unasema aliyebandika, na hapo niko mimi. Sikujua mashine huwa inaweka majina yote mawili. Wewe bila shaka ulijua.

Nimeinakili mistari hiyo miwili kwenye karatasi, na chini yake nimenakili ujumbe wangu na jibu lako. Mama yako hajui kusoma, nitamsomea. Kati ya kituo na kwenu kuna kile kijito tu, unajua, ambacho hata kuku wa Papa Anselme huvuka. Nimeshafika ukingoni pake mara tatu wiki hii na mara tatu nimerudi, nikijiambia nimesahau kitu.

Sitarajii anisamehe. Naye akinisamehe, sijui nitaupeleka wapi msamaha huo. Huenda akafunga mlango, na mjomba wako akanikumbusha kwamba siku ya kutoa neno ilipita na jivu limezolewa. Atakuwa na haki. Lakini hawezi kuendelea kula bila chumvi kwa sababu yangu.

Lala, kaka yangu. Majani yakiwa marefu juu yako, ujue si kwamba tumekusahau, ni njia tu. Ninakuahidi hili moja, maana mengine siwezi: nitamsomea yote, toka kichwa mpaka mkia, na neno "leo" sitaliruka.

Anapalilia sasa, namwona kutoka hapa. Navuka.

Mdogo wako,
Riziki