Mshono wa Kibofu

Shemeji yangu,

Watoto hawajambo, na koti lako la harusi limebaki kushonwa mkono mmoja tu. Lakini lori limembana kaka yako ukutani. Nyonga imevunjika, kibofu kimepasuka. Daktari amekishona, ila ndani ameacha vitambaa vya kukandamiza damu. Keshokutwa atavitoa, na damu ikianza tena, hatoi ahadi.

Kaka yako alipozinduka, ushonaji wake ukamtangulia: "Daktari, umepitisha mshono mara moja au mbili?"

"Mbili, fundi."

"Afadhali."

Nikacheka huku nalia.

Halafu akaninong'oneza nikuite, uje akupime koti. Shemeji, nguo zako zote huwa anakata bila kukupima.

Barua nimempa dereva wa basi. Panda hilohilo likigeuza.

Mimi, mke wa kaka yako